Muuza Maua na Mwalimu wa Matamshi

George Bernard Shaw alizaliwa Dublin, katika nchi ya Ayalandi, mwaka 1856. Alitunga michezo mingi ya kuigiza, na mmojawapo ni ule uitwao Pygmalion. Ulichezwa kwanza Vienna mwaka 1913, kisha London mwaka 1914. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini ndani ya kicheko mna fundisho.

Habari yake ni hii. Msichana maskini, jina lake Eliza Doolittle, alikuwa akiuza maua katika njia za London. Usiku mmoja wa mvua alikutana na Profesa Higgins, bingwa wa matamshi, ambaye akisikia maneno machache tu hujua msemaji amezaliwa wapi. Higgins akayadharau matamshi ya Eliza, akajisifu kuwa kwa miezi michache aweza kumgeuza, hata watu wamdhanie kuwa bibi mkuu wa ukoo bora. Asubuhi yake Eliza akaja mwenyewe kuomba kufundishwa, maana alitamani kupata kazi katika duka la maua. Ndipo Kanali Pickering, rafiki wa Higgins, alipowekeana naye sharti.

Baada ya muda Eliza akapelekwa kwa mamaye Higgins kunywa chai pamoja na wageni. Matamshi yake yalikuwa safi kabisa, lakini habari zake zilikuwa zile zile za mtaani: akasimulia kifo cha shangazi yake, na jinsi anavyoshuku kuwa watu wa nyumbani ndio waliomwua. Wageni wakashangaa, na watazamaji hucheka.

Mwaka 1938 mchezo huu ulitiwa katika picha za sinema. Wendy Hiller alikuwa Eliza, na Leslie Howard alikuwa Higgins. Katika mchezo wa jukwaani wa kwanza, karamu kuu haikuonyeshwa, ilitajwa tu. Katika sinema watazamaji waliiona. Bingwa mmoja wa lugha akatangaza kwamba Eliza si Mwingereza kamwe, kwa kuwa asema Kiingereza vizuri mno. Bila shaka ni binti mfalme wa Hungaria!

Waliporudi nyumbani, Higgins alifurahi kuwa kazi imekwisha, wala hakumshukuru Eliza hata kidogo. Msichana akamtupia viatu vyake vya nyumbani. Alikuwa na haki ya kukasirika: kuuza maua njiani hawezi tena, na mali ya kukaa kama bibi mkuu hana. Baadaye akaeleza kwamba aliyemfundisha heshima hasa ni Pickering, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alimwita Bibi Doolittle.

Shaw hakutaka Eliza aolewe na Higgins. Lakini katika sinema ya 1938, na katika ile ya nyimbo iitwayo My Fair Lady ya mwaka 1964, Eliza humrudia mwalimu wake mwishoni. Watazamaji wengi hupenda mwisho wa namna hiyo. Walakini Shaw alitaka msichana asimame kwa miguu yake mwenyewe.

Basi matamshi mema hufundishwa kwa miezi, bali heshima yaweza kutolewa siku ile ile ya kwanza, hata kwa muuza maua.

Maswali
1. Eliza alitaka kufundishwa kwa sababu gani?
2. Kwa nini wageni walimshangaa penye chai?
3. Higgins na Pickering, ni nani aliyemfaa Eliza zaidi? Toa sababu.