Danieli Alijifunza Miaka Mitatu
Somo kwa wazazi wenye mtoto anayekaribia Egzamini ya Serikali

Masomo ya kusoma nyumbani: Danieli 1:3-20, Luka 2:46-47, Luka 14:28-30



Kila mwaka mambo ni yale yale. Sherehe ya tarehe 6 mwezi wa ine ikipita, wazazi wanaanza kufika kwa mchungaji na kwetu sisi mashemasi. Mmoja ameleta bike ya mtoto ili iombewe. Mwingine ameleta kichupa cha maji ya Nkamba, anauliza mtoto anywe asubuhi au usiku. Hatumrudishi mtu. Tunaomba pamoja nao, na tutaendelea kuomba. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi katika karatasi yetu ili niulize swali ambalo mbele ya mzazi mwenye machozi sipati nguvu ya kuliuliza: tangu mwezi wa tisa, shule ilipofunguliwa, mlikuwa mnafanya nini na mtoto huyu?

Tufungue kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Wengi wetu tunaijua habari ya tundu la simba na ile ya tanuru ya moto, na hii ya sura ya kwanza tunaipita mbio. Vijana ine wa Yuda wamechukuliwa utumwani Babeli. Mfalme anaagiza wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo. Angalieni vizuri: ni lugha isiyo ya mama yao, kama vile Kifaransa kwa watoto wetu. Na wanafundishwa kwa muda gani? Mstari wa 5 unasema miaka mitatu. Ndipo katika mstari wa 17 tunasoma kwamba Mungu aliwapa ujuzi na akili katika maandiko yote. Na mwisho, mstari wa 19 na wa 20, mfalme mwenyewe anawauliza maswali, anawakuta wanapita waganga wake wote mara kumi.

Basi, Mungu aliwapa ujuzi. Hilo ni kweli na hatuliondoi. Lakini aliwapa ndani ya ile miaka mitatu, hakuwapa asubuhi ya kuulizwa maswali. Bwana Yesu naye, akiwa na miaka 12, Luka anamwonyesha ameketi katikati ya walimu, anasikiliza na kuuliza. Kama Mwana wa Mungu aliketi kusikiliza, kwa nini mwana wangu asiketi? Na sisi tunaotaja kila siku Bolingo, Mibeko, Misala, tusisahau kwamba neno la tatu ni kazi.

Sasa tuseme juu ya egzamini yenyewe, sababu mzazi hawezi kusaidia katika jambo asilolijua. Egzamini ya Serikali ilianzishwa mwaka 1967. Inafanywa mwisho wa humanite, katika ile kalasi tuliyozoea kuiita ya sita. Tangu sheria ya mwaka 2014 kubadili mpango wa shule, inaitwa ya ine ya humanite. Inakuja kwa sehemu mbili. Kwanza kuna kazi za mbele: disertasio, maana yake kuandika maneno marefu ya Kifaransa juu ya jambo moja, tena kusema Kifaransa mbele ya waulizaji, na watoto wa ufundi wana kazi ya mikono ya kuonyesha. Majuma kadhaa yakipita, zinakuja siku ine mfululizo: maarifa ya jumla, lugha, sayansi, na masomo ya opsio. Huko ni maswali yenye majibu mengi, mtoto anachagua lililo kweli. Karatasi za wanaoketi jirani haziko sawa, kwa hiyo kuangalia kwa mwenzako ni kujidanganya. Anayefikia 50 kwa mia anapata diploma.

Mzazi akijua hayo, anaona tayari kwamba hakuna namna ya kujaza kichwa katika juma moja. Disertasio haijifunzwi kwa usiku mmoja wa mkesha. Mtoto anajifunza kuandika kwa kuandika, na kusahihishwa, na kuandika tena.

Nitawaambia sasa jambo la nyumba yangu. Mtoto wetu wa kwanza alipofika kalasi ya mwisho, mimi nilikuwa shemasi tayari, na nilitaka watu waone kwamba mtoto wa shemasi anashinda kwa imani. Zile siku ine za egzamini nilimfungisha, hakula kitu mpaka magaribi. Siku ya pili alitoka na kichwa kinamuuma, maswali ya hesabu ameyaacha nusu. Alishindwa. Na mtu mmoja wa maombi, si wa kanisa letu, akaniambia kwamba amepata maono: nkambo ya mtoto, mama wa bibi yangu, amefunga akili yake. Wapendwa, naandika hili kwa haya. Nilisadiki. Karibu mwaka mzima mama yule mzee hakukanyaga nyumbani kwangu, na bibi yangu alikuwa analia jikoni mahali nisipomwona.

Siku moja nilikuwa natafuta karatasi ya kufungia kitu, nikafungua kaye ya hesabu ya yule mtoto. Maandishi yanaisha mwezi wa pili. Kaye nyingine, vilevile. Nikamwita, nikamwuliza. Akajibu polepole: "Papa, si ulijua? Walitufukuza sababu ya minervali." Nilijua. Alirudi nyumbani, nikamwambia avumilie, nitalipa. Na mwezi ule ule nilikuwa nimesimama katika nsinsani mbele ya kundi letu, nikatoa feza nyingi, watu wakapiga makofi. Alikaa nje majuma mengi, na aliporudi darasani wenzake walikuwa wamekwenda mbali. Hakuna mchawi aliyeingia katika kaye ile. Nilinunua kitenge, nikaenda kwa mama-mkwe wangu, nikapiga magoti.

Sisemi nsinsani ni mbaya. Kwa nsinsani tumejenga mahekalu na shule, na nitaendelea kutoa. Tena kanisa letu linajua bei ya shule kuliko wengine: tangu mapatano ya mwaka 1977 limebeba uongozi wa shule pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti. Nasema tu kwamba feza ya minervali na feza ya kushiriki egzamini ziwekwe pembeni kwanza, mahali pake, na tutoe katika ile iliyobaki. Luka 14 inasema juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuhesabu gharama. Feza ya kushiriki haitakiwi siku ya mwisho. Prefe anaitangaza mapema, na mtoto ambaye jina lake halikupelekwa kwa wakati hata akijua yote hataingia. Mzazi aende mwenyewe kwa prefe kuuliza kiasi na siku. Asimtume mtoto. Mtoto akipewa feza mkononi anaweza kushikwa na majaribu, na mzazi asiyekwenda kuuliza anaweza kutozwa zaidi ya inavyofaa.

Wamama wengi wananiambia: "Shemasi, mimi sijui Kifaransa, nitamsaidia namna gani?" Nawajibu kwa yale niliyoyaona kwa bibi yangu na mtoto wetu wa pili, binti. Bibi yangu alifika kalasi ya tatu ya msingi. Kila magaribi akiketi kuchuma sombe, alimwita binti: "Njoo, nieleze ulichosoma leo, kwa Kiswahili." Binti anaeleza figo zinavyosafisha damu. Mama anauliza: "Na ile chafu inapita wapi?" Binti anasimama, hajui. "Basi, nenda uangalie katika kaye." Hivyo tu. Mtu akiweza kumweleza jambo mama yake kwa lugha ya nyumbani, amelielewa. Akishindwa, alikuwa amekariri maneno ya Kifaransa bila kuyajua. Na mama alijua kuulizia jambo la kesho: "Juzi uliniambia habari ya figo, nikumbushe." Hapo ndipo tuliona yaliyobaki kichwani na yaliyotoka. Mwalimu mmoja wa bayoloji aliniambia kwamba hata yeye hana mbinu ya kupita hiyo.

Kwa Kifaransa chenyewe, mtoto asome kwa sauti, kila siku kidogo, hata kama hapo nyumbani hakuna anayeelewa. Wachekeao wacheke. Asikilize habari za redio katika Kifaransa, kisha aandike mistari kumi juu ya yale aliyosikia. Ampelekee mwalimu, au kaka mmoja wa parokia mwenye diploma. Tunao wengi, wanaketi nyuma ya hekalu wakingoja kuombwa. Na vitabu vidogo vya itemu za miaka iliyopita vinauzwa sokoni. Hivyo vinasaidia sana kuzoea namna ya kuuliza, lakini mtoto asikariri majibu, sababu maswali hayarudi vilevile.

Neno juu ya mabinti. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi ninazoingia, kijana wa kalasi ya mwisho anaachwa asome, na dada yake wa kalasi ile ile anachota maji usiku wakati bomba linapotoa, anapika bukari, anaosha vyombo, na saa ya kusoma taa imekwisha. Halafu tunasema wasichana hawana kichwa. Kaka zake wana mikono, waoshe sahani.

Sasa nakuja kwa jambo la kanisa, na ninaomba viongozi wa makundi wanivumilie. Watoto wetu wako katika fanfari, wako kwa wapiga filimbi, wako katika kwaya. Ni vizuri, huko wanajifunza utaratibu na wanakaa mbali na pombe. Lakini mazoezi ya magaribi siku tatu kwa juma, na siku ya posho, na siku ya Mungu tangu asubuhi hadi giza, kwa mtoto wa kalasi ya mwisho ni mengi. Kiongozi mmoja wa fanfari ninayemjua anawaachilia wenye egzamini tangu mwezi wa tatu, wanapiga siku ya Mungu tu, na fanfari yake haijafa. Tena Noeli yetu ya tarehe 25 mwezi wa tano inaanguka wakati mtoto anahitaji kila siku. Nani asiyependa kupeleka jamaa Nkamba? Lakini kutoka hapa Katanga mpaka Kongo Central si safari ya siku mbili. Mtoto wa egzamini akibaki na shangazi ili asome, hajamkana Papa Simon Kimbangu. Nkamba itakuwepo mwaka ujao.

Juu ya kufunga: nawaomba mzazi afunge yeye, mtoto ale. Danieli na wenzake katika siku zile kumi za mstari wa 12 walikula mboga na kunywa maji, na nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko za wengine. Hatusomi popote katika sura ile kwamba walikaa na njaa. Yale majuma matatu ya sura ya 10, ambapo alijinyima chakula kizuri, yalikuwa wakati mwingine, amekwisha kuwa mtu mkubwa. Mtoto alale mapema katika siku zile ine. Mkesha ufanywe na sisi.

Kuna jambo baya zaidi la kuacha kufunga. Kila mwaka wanatokea watu wenye kuuza "majibu". Zamani ilikuwa karatasi, siku hizi ni ujumbe katika simu. Mzazi mkristo anatoa feza, anasema ni kumsaidia mtoto. Mara nyingi majibu yale ni uongo mtupu, na aliyedanganywa hawezi kwenda kushitaki, atasema nini? Na kama ni ya kweli, ni wizi. Simu imekatazwa ndani ya chumba cha egzamini, na anayekamatwa nayo anapoteza kazi ya miaka yote. Sitaombea bike iliyonunuliwa majibu. Ninasema wazi ili asije mtu kuniudhi.

Siku ya matokeo, siku hizi yanakuja kwa simu, na balabala nzima inajua kwa dakika chache. Aliyeshinda anamwagiwa pudre nyeupe kichwani, watu wanapiga kelele. Katika ua ule ule kuna mtoto amejifungia chumbani. Baba, mwingilie wewe kwanza, kabla ya majirani. Usimchape, usimtaje mtoto wa fulani, na zaidi ya yote usitafute mchawi. Keti naye, mfungue kaye pamoja. Anaweza kurudia kalasi. Na anayekuwa amekwisha acha shule anaweza kujiandikisha peke yake kama mwenye kujifunza nyumbani, akishinda kwanza jaribio la kumkubali.

Mtoto wetu wa kwanza alirudia. Tulilipa minervali miezi mitatu mitatu, bibi yangu na mimi, na mama-mkwe aliuza kuku wake wawili ili aongeze. Alipata 54 kwa mia. Si nyingi, lakini ni zake.

Tangazo: kuanzia juma lijalo, chumba cha nyuma ya hekalu kitafunguliwa siku ya kwanza hadi siku ya tano, tangu magaribi mpaka wakati wa kulala, kwa watoto wote wa kalasi ya mwisho, hata wasio wa kanisa letu. Taa ya jua ipo. Kila mtoto aje na kiti chake na kaye zake, na mzazi mmoja wa zamu akae nao mlangoni. Wanaotaka kuandikwa kwa zamu waje kuniona baada ya ibada.