CHEO CHA MFANYABIASHARA MBELE ZA WATU NA MBELE YA MWENYEZI MUNGU

Katika mji wa Brussels, nchini Ubelgiji, karibu na Porte de Namur, upo mtaa uitwao Matonge, kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Humo mna maduka ya vitambaa, vyakula vya Kiafrika na saluni. Mwenye duka hapo hajipimi kwa faida yake tu. Hujipima pia kwa wanaomzunguka: ametoa nini harusini na matangani, anaaminiwa kushika fedha za likelemba (ndio upatu wa Waswahili), na nani humtangulia kwa salamu.

Kuwa na jamaa si kosa. Upatu humpatia mtu mtaji bila ya riba, na mfiwa hupata wa kumshika mkono. Hatari huingia pale macho ya watu yanapogeuzwa kuwa mizani. Hapo mtu hutoa harusini ili asifiwe, akachelewesha ujira wa mtumishi wake na deni la aliyemkopesha bidhaa. Naye Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma.

Maradhi haya ni ya kale. Katika Suratul Kahf, aya ya 32 hadi ya 44, umetajwa mfano wa mwenye mabustani mawili, aliyejifakharisha kwa mwenzake kwa mali na wingi wa watu. Mabustani yalipoangamia, hakuwapo wa kumnusuru. Rafiki wa kweli alikuwa yule mwenzake aliyemkumbusha Mola wake, naye hakumsikiliza.

Imamu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, kiongozi wa Maibadhi wa Basra katika karne ya 2 ya Hijria, alijulikana kwa lakabu ya Al-Qaffaf, yaani msukaji wa vikapu. Katika jamaa yake walikuwamo wafanyabiashara wenye mali, na wote walimfuata msukaji wa vikapu kwa elimu na ucha Mungu wake. Kwani walaya hupatikana kwa imani na amali njema, wala haununuliwi.

Mazingatio:

1. Haki za watu zilipwe kabla ya michango ya kuonekana.

2. Watoto wafundishwe kumheshimu mchuuzi mkweli kuliko tajiri mdanganyifu.

3. Mfanyabiashara amtafute mwenzi wa kumkumbusha, si wa kumsifu.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu riziki ya halali na nyoyo zisizotafuta ila radhi Zake. Amin.