SOMO LA TAWI: GESI YA DAMPO NI MALI YA NANI?



Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, kilima cha taka cha Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, kiliporomoka na kufukia nyumba pamoja na watu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Dampo lile lilifunguliwa mwaka 1996 na lilikuwa limejaa kupita kiasi. Tangu hapo waokota taka na madereva wa magari ya taka wananiuliza habari ya gesi, maana wamesikia kuwa inaweza kuvunwa. Basi tujifunze pamoja.

Tuanze na maganda ya matoke. Ukiyatupa shambani, yanaoza hewani na kuwa mbolea. Ukiyafukia chini kabisa ya taka, hewa haifiki. Huko huliwa na vijidudu visivyohitaji hewa, na vijidudu hivyo hutoa gesi. Karibu nusu yake ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ukaa. Methani haina rangi wala harufu. Uvundo tunaoujua unatoka kwa gesi nyingine zilizochanganyika nayo, kwa hiyo mtu asiseme hapanuki basi ni salama. Ikifika sehemu 5 hadi 15 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Huko Istanbul, Uturuki, dampo la Ümraniye lililipuka mwezi Aprili 1993, na watu 39 walipoteza maisha.

Ikipanda angani, kwa muda wa miaka 20 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Lakini haikai sana huko juu, kama miaka 12 hivi. Tukiizuia leo, nafuu wataiona watoto wetu wenyewe.

Kuivuna ni kazi ya mabomba. Taka hufunikwa kwa udongo, visima huchimbwa, mabomba yenye matundu hushushwa, na mashine huifyonza gesi kama wazee wa Teso wanavyokunywa malwa kwa mirija. Ikiwa kidogo huchomwa tu, maana ikiungua madhara yake hupungua sana. Ikiwa nyingi huendesha injini ya umeme.

Jiji la Durban, Afrika Kusini, lilifanya hivyo katika dampo la Mariannhill tangu 2006, kisha Bisasar Road, ambako injini ziliweza kutoa zaidi ya megawati 6. Kwa upande wa gesi mradi ulikuwa mzuri, sibishi. Lakini dampo la Bisasar liliwekwa mwaka 1980, enzi za ubaguzi, katikati ya makazi ya watu. Jirani mmoja, Sajida Khan, alipinga mradi mpaka alipofariki kwa saratani mwaka 2007. Alitaka dampo lifungwe, wala gesi isiwe sababu ya kuliacha wazi. Na wakazi wa vibanda vya Kennedy Road, kando ya dampo, waliendelea kudai umeme huku umeme wa gesi ukiingia katika nyaya za jiji.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Dampo likifunikwa na kuzungushiwa uzio, mwokotaji hupoteza riziki siku hiyohiyo. Aandikwe kazi ya kuchambua taka au ya kulinda visima, apewe buti na mshahara, na jambo hili liwe ndani ya mkataba kabla bomba la kwanza halijashushwa. Msikubali kuahidiwa fedha za vyeti vya hewa ukaa peke yake. Bei ya vyeti vile iliporomoka mnamo 2012.

Mimi niliishia darasa la saba. Mara moja tuliitwa kwenye mkutano wa mradi, tukapewa soda na karatasi ya Kiingereza, tukatia sahihi mahudhurio. Baadaye sahihi zile zikaonyeshwa kuwa ni ridhaa ya jamii! Siku hizi kabla ya kusaini naandika kwa mkono juu ya karatasi: MAHUDHURIO TU.

Na wakati tunangoja mikataba, tawi litangaze mambo haya kila asubuhi. Ni marufuku kuvuta sigara au kuchoma nyaya juu ya taka. Asiingie mtu katika shimo wala kisima cha dampo. Mwenzenu akianguka humo, msimfuate ndani, iteni zimamoto. Gesi hufukuza hewa ya kupumua, na mara nyingi wa pili hufa akimwokoa wa kwanza.