Anza na Mpangaji, Mwenye Jengo Atakuja

Mwezi wa Mei Malindi hununa. Kusi imeshika, masika yanamwagika, na kando ya Barabara ya Lamu utaona mikahawa imefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza, bawabu kajikunyata kibarazani na redio yake. Madalali wengi huuhesabu mwezi huu kuwa wa njaa. Kwangu ndio mwezi wa kuvaa viatu. Mwenye mkahawa ambaye Agosti au Disemba hana hata muda wa kuitikia salamu, sasa amekaa na daftari la hesabu akijiuliza: nafasi hii niendelee kuilipia, niigawe, au niiache? Mtu huyo hana haja ya bango. Ana haja ya mtu wa kuketi naye.

Kazi ya majengo ya biashara, yaani maduka, ofisi, mikahawa na magodauni, si sawa na ya nyumba za kulala. Anayetafuta chumba cha kulala huona picha simuni akapiga mwenyewe. Mfanyabiashara hahami kwa sababu ya picha. Huhama akibanwa, na hata akibanwa huvumilia mwaka mzima kwanza. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaoanza kwa kuwaandama wenye majengo, wakusanye funguo, halafu ndipo waulize nani atapanga. Mwenye jengo zuri pale Kilifi mjini ana namba za madalali kumi, na wote wamemwambia neno moja. Mpangaji aliyebanwa hana hata dalali mmoja. Anza naye.

Kubanwa huonekana kwa macho, mradi utembee kwa miguu. Ingia Kilifi kutoka Kibaoni uende hadi sokoni, daftari mkononi. Duka la vifaa vya ujenzi ambalo mabati na mapipa ya rangi yamefurika hadi barazani linataka stoo. Duka la dawa lenye benchi la wagonjwa nje linataka chumba cha pili cha daktari. Pale ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani wanapanga foleni kuchapisha kazi zao, mashine mbili zimebanana kwenye chumba cha moja. Njoo upande wa barabara kuu ya Mombasa hadi Kilifi: upanuzi wake umewasukuma wachuuzi waliozoea kufanya biashara ukingoni mwa lami, na kila mmoja wao anatafuta mahali ambapo gari linaweza kusimama. Kaskazini, Gongoni na Ngomeni, malori ya viwanda vya chumvi yanahitaji gereji, vipuri na mahali pa kulaza mzigo. Na usimdharau dereva wa tuktuk. Mwenye jengo atakuambia barabara yake ina watu; dereva atakuambia watu hao wanashukia wapi.

Ukiingia dukani usianze na kadi yako. Nunua kitu, hata kibiriti, kisha uliza polepole.

"Shikamoo mama. Hapa mmekaa sana?"

"Marahaba mwanangu. Mwaka wa saba huu. Maji ya mvua yanaingia, na mwenye nyumba hasikii."

"Na mkataba wenu ni wa maandishi?"

"Maandishi ya nini? Tunaaminiana."

Dakika tano tu, na umepata kero yake, muda aliokaa, na jambo la tatu ambalo yeye mwenyewe halijui: sheria ya Kenya inamlinda. Sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, inamkinga mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na vilevile yule ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5, au unaruhusu kuvunjwa kabla ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa ya kukiuka masharti. Mwenye jengo hawezi kumpandishia kodi wala kumtoa kwa neno la mdomo. Sharti atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi 2, na mpangaji ana haki ya kuipinga mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Hii ndiyo sababu utakuta mikataba mingi imeandikwa miaka 5 na miezi 3. Ile miezi mitatu haikuwekwa kwa bahati: inautoa mkataba nje ya kinga hiyo, ikiwa hauna kifungu cha kuuvunja mapema.

Nimeipa nafasi kubwa sheria hii kwa sababu imeniletea wateja kuliko tangazo lolote nililowahi kulilipia. Mpangaji ukimweleza haki yake bila kumdai hata shilingi, atakuita siku ya kuhama, na atalitaja jina lako kwa shemeji yake mwenye duka la simu. Mwenye jengo naye, ukimweleza kwa nini hawezi kumwondoa tu yule anayechelewesha kodi, huona kwamba huyu si dalali wa kufungua mlango na kuondoka. Ila ujue mpaka wako: mambo yakifika kwenye Baraza, mpeleke kwa wakili. Wakili huyo naye ana wateja wenye majengo, na hasahau.

Sasa una mpangaji mkononi. Unajua anataka futi ngapi, anaweza kodi gani, lori lake lina urefu gani. Hapo ndipo umwendee mwenye jengo, na maneno yako yanakuwa mengine kabisa. Hukuomba jengo, umemletea mtu. Lakini usimpeleke mtu huyo kuona chochote kabla ya kufanya upekuzi wa hatimiliki katika ofisi ya usajili wa ardhi. Nilipokuwa mchanga wa kazi niliwahi kumwonyesha mfanyabiashara godauni lenye kila alichotaka, tukakubaliana hadi rangi ya mlango. Hati ilikuwa bado kwa jina la babu aliyekwishafariki, na wajukuu wake hawakuwa wakisemezana. Nikampoteza mpangaji, nikampoteza na aliyenituma. Pwani hii, tangu sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliyotumika katika ukanda wa maili kumi, swali la nani hasa mwenye ardhi halijawahi kuwa jepesi, na mteja wako analijua hilo hata asipolitamka.

Malindi na Watamu kuna kundi la pili la wenye majengo: Waitaliano, na siku hizi watoto wao. Wengine walifungua mkahawa au duka miaka mingi iliyopita, wamezeeka, na warithi wako Milano na hawataki kurudi kuuza pitsa. Hutawapata kwa kugonga lango. Njia ni mtunza nyumba, mhasibu na wakili, kwa mpangilio huo. Mtunza nyumba anajua bomba lipi limepasuka na bosi anakuja lini. Msalimie hata siku ambayo huna shida naye. Kisha soma Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010: asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Mrithi wa Milano atakuuliza imebaki miaka mingapi. Uwe na jibu kabla hujapiga simu. Na ukipiga, kumbuka sisi tuko mbele yao kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Saa mbili ya asubuhi ya Malindi wewe umekwisha kunywa chai, yeye bado yumo shukani.

Mengine nitayapitia haraka. Leseni ya Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Ardhi na Majengo, chini ya Sura ya 533, iwe hai, na namba yake iwe kwenye kadi. Matapeli wamezidi mjini na kadi tupu haimtofautishi mtu. Ujira wako uandikwe kabla hujafungua mlango wa kwanza. Pesa ya kuonyesha nyumba, ile ya kumwambia mtu lete kwanza nauli ya kuzunguka, mimi naiona ni njia ya hakika ya kumfukuza mfanyabiashara wa kweli. Na namba za simu unazokusanya sokoni si mali yako: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kumtumia matangazo. Muulize pale pale dukani, akikubali andika.

Katika daftari langu kila mpangaji ana mistari mitatu: kero yake, kodi anayolipa, na siku mkataba unapoisha. Wa miaka 5 na miezi 3 nampitia mwaka wa nne ukianza. Yule mama mwenye duka linaloingia maji hana tarehe, kwa hiyo mbele ya jina lake nimeandika "masika", na nampitia kila mvua kubwa inaponyesha.