Dondoo muhimu: kutembea mji mkongwe wa Ibo

Kabla ya yote, ulizia usalama. Vita vilivyoanza jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017 vimeathiri barabara na visiwa, na hali hubadilika. Wenyeji wa mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo hilo, ndio wa kuwasikiliza.

Mashua za kwenda kisiwa cha Ibo huondoka Tandanhangue, upande wa bara, na huko bahari ndiyo yenye ratiba. Maji yakipwa, njia ya mikokoni haipitiki. Ulizia maji yanajaa saa ngapi kabla hujafunga mizigo.

Mitaani nenda asubuhi. Nyumba za wafanyabiashara, Wareno na Wahindi, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baraza zake zina nguzo nene. Utajiri huo ulitokana na pembe za ndovu na watu waliouzwa utumwani. Usizitazame kuta bila kuwakumbuka. Makao makuu ya jimbo yalipohamishwa kutoka Ibo kwenda Pemba, wenye mali wengi waliondoka. Magofu usiyaingie ovyo: kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliyadhoofisha zaidi.

Tenga muda mrefu kwa ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, ya mwaka 1791. Wakoloni waliigeuza gereza. Masonara hufanyia kazi humo: fedha huyeyushwa, huvutwa ikawa uzi mwembamba, kisha husokotwa mikufu. Nunua kwa fundi mwenyewe, na usimkabe kwa bei.

Vaa kwa staha, amkia wazee barazani, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.