Kuingia Katika Nyumba ya Zamani

Somo la familia. Kusoma nyumbani: Mambo ya Walawi 14:33-48 na Yeremia 29:4-10.

 

Somo la safari hii linahusu nyumba. Si nyumba ya mfano, bali nyumba yenyewe ya udongo na miti, ile aliyoijenga baba au bibi alipofika hapa Nakivale, na ambayo sasa imebaki kwa watoto. Makazi yetu ni ya siku nyingi. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, kabla Uganda haijapata uhuru, kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Rwanda, na sisi wa Kongo tulikuja nyuma yao. Kwa hiyo ziko nyumba hapa ambazo zimelea vizazi viwili. Wazee wengine wamelala, wengine wamepelekwa nchi za mbali, na kijana aliyeoa juzi anaambiwa: haya, nyumba ya bibi yako ile pale, ingia.

Hapo ndipo mashauri yanapoanza. Mume anasema tutengeneze nyumba. Mke anasema kwa nini tumalize pesa kwa nyumba tutakayoiacha? Au mke ndiye anayetaka kutengeneza, na mume ameketi karibu na simu akingoja kuitwa kwa mahojiano. Tunawajua watu ambao masanduku yao yamefungwa miaka mingi. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengine waliokwisha kupimwa afya walibaki na karatasi mkononi. Hatuwacheki. Lakini watoto wao walilala chini ya paa linalovuja miaka yote hiyo, kwa sababu nyumba ilihesabiwa kuwa ya kupita tu.

Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka Babeli, walikuwa na shida hiyohiyo. Nabii mmoja, Hanania, aliwaambia kwamba miaka miwili haitapita kabla vyombo vya hekalu na mateka kurudi (Yeremia 28). Neno hilo lilipendeza. Yeremia naye akaandika barua, ikapelekwa kwa wazee waliokuwa uhamishoni, akiwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao. Tena akawatajia miaka 70. Angalieni kwamba barua ile haikuwaambia wasahau kwao. Ahadi ya kurudi imo katika barua hiyohiyo, mistari michache chini. Mtu anaweza kukandika ukuta leo na bado akamwomba Mungu amrudishe Fizi au Masisi. Mambo hayo mawili hayapigani.

Basi tukikubaliana kutengeneza, tuanze na karatasi kabla ya udongo. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinaturuhusu kutumia ardhi tuliyopewa, lakini hazituruhusu kuiuza wala kuikodisha. Kwa hiyo nyumba ya shangazi aliyesafiri si mali ambayo jirani anaweza kukuuzia kwa siri jioni. Mwende kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha katika ofisi ya kamanda, ijulikane ni nani anayekaa pale na kwa idhini ya nani. Fanyeni hivyo kabla hamjatoa shilingi moja ya miti. Ni vibaya mno kumaliza nyumba halafu kuambiwa kiwanja kimeandikwa kwa mtu mwingine.

Sasa tufungue Walawi 14. Wengi wetu huruka sura hiyo kwa sababu inasema juu ya ukoma. Lakini kuanzia mstari wa 33 inasema juu ya nyumba yenye pigo ukutani, madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani kupita uso wa ukuta. Ukiisoma polepole utaona fundi mwenye akili hawezi kufanya kinyume chake. Kwanza nyumba inaondolewa vitu vyote, ndipo kuhani anaingia kuangalia. Kisha inafungwa siku saba. Kisha anarudi kuangalia kama doa limeenea. Likiwa limeenea, mawe yale mabaya yanatolewa na kutupwa nje ya mji, ukuta unakwanguliwa ndani pande zote, na mawe mengine yanatiwa na udongo mwingine unapakwa. Pigo likirudi tena baada ya hapo, nyumba inabomolewa, mawe yake na miti yake.

Je, sisi tunafanyaje? Tunaona doa, tunapaka udongo mpya juu yake Jumamosi, na Jumapili tunawaalika watu. Baada ya mvua ya kwanza doa linarudi.

Toeni vitu vyote nje. Kitanda, magunia, picha, kabati ya marehemu. Nyuma ya kabati ndipo mchwa wamejenga. Angalieni vijia vyao vya udongo vinavyopanda ukutani, vinatoka wapi na kuishia mti gani. Gongeni kila nguzo kwa jiwe: nguzo nzima inalia kwa nguvu, nguzo iliyoliwa inalia kama ngoma. Mahali penye shaka chomeni msumari. Ukiingia kama katika ugali, nguzo hiyo haibebi kitu tena, hata kama nje inaonekana nzuri.

Halafu nyufa. Chukueni kipande cha mkaa, mweke alama mahali ufa unapoishia juu na chini, mwandike na tarehe. Zile siku saba za Walawi ni mwanzo mzuri, lakini kwa ufa ngojeni hata mwezi, hasa mvua ikiwa inanyesha. Ufa ambao haukupita alama ni kovu la zamani, mtauziba. Ufa uliopita alama unasema ukuta unatembea. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe kutoka juu ya ukuta, hilo ndilo timazi la maskini. Ukuta ulioinama nje na wenye ufa unaotembea usiuegemeze kwa gogo na kulaza watoto kando yake. Ubomolewe mchana, watu wakiwa nje, ujengwe upya. Ukuta wa udongo hauanguki kwa kuonya. Unanyonya maji siku tatu nne, halafu unalala usiku, na aliye chini yake ni yule mdogo aliyelazwa kwenye mkeka karibu na ukuta. Kwa sababu hiyo hatuandiki somo hili kwa ajili ya urembo.

Mtauliza maji yanatoka wapi. Karibu kila nyumba ya zamani tuliyoiangalia imeugua miguuni. Kuna njia tatu. Maji ya paa yanadondoka karibu mno na ukuta, yanarukia udongo na kuula kidogo kidogo mpaka ukuta unakuwa mwembamba chini, mnene juu. Au uwanja wa nje umekuwa juu kuliko sakafu, kwa sababu ya majivu na taka za miaka 20, basi mvua ikinyesha nyumba inakuwa kama bakuli. Au kinyume chake, mama amefagia uwanja kila asubuhi kwa uaminifu mpaka msingi umebaki uchi. Kila mtu aangalie nyumba yake ina ugonjwa gani.

Dawa yake ni jembe, si pesa. Shusheni udongo wa nje uwe chini ya sakafu, na uteremke kuelekea mbali na nyumba. Chimbeni mfereji kuzunguka nyumba, kama hatua moja kutoka ukutani, wenye mahali pa kutolea maji yasiende kwa jirani (ugomvi wa mfereji umewahi kufika kwa wazee wa kanisa mara nyingi kuliko ugomvi wa mahari). Paa lipite ukuta kwa sentimita 60 hivi. Kama paa ni fupi, ongezeni hata kwa nyasi. Chini ya ukuta, mahali palipoliwa, jengeni kibaraza cha mawe na udongo kikumbatie mguu wa nyumba.

Ndipo mkandike. Na hapa tuna neno kwa ndugu walioko ng'ambo wanaotuma pesa na kuagiza kwa simu kwamba nyumba ya mama ipigwe saruji. Tunawashukuru kwa upendo wao. Lakini saruji na ukuta wa udongo havishikani. Maji yakipata ufa mdogo yanaingia nyuma ya saruji, hayapati njia ya kutoka, ukuta unalainika ndani huku nje unang'aa, na baada ya misimu michache saruji inaanguka vipande vikubwa pamoja na udongo wake. Pesa hiyo inunue mabati na misumari, au mawe ya msingi. Ukuta wa udongo unataka udongo mwenzake.

Bibi zetu walijua. Udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu yaliyokatwa vidogo na kinyesi cha ng'ombe, nacho katika nchi hii ya Ankole hakikosekani. Changanyeni na maji, mwache siku mbili tatu, mkanyage tena. Kabla ya kupaka nyumba nzima, pakeni mahali padogo kama kiganja mara tatu nne, kila mahali kwa kipimo chake cha mchanga. Kukikauka na kupasuka, udongo umezidi, ongeza mchanga. Ukipangusa kwa kidole na kutoka vumbi, mchanga umezidi. Lile pambo lisilopasuka wala kutoa vumbi ndilo la kupaka. Lowesheni ukuta kwanza, mpake tabaka nyembamba, ikauke, mpake ya pili. Tabaka moja nene lazima ipasuke.

Paa tutalisema kwa ufupi. Misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo wa bati, si ndani ya bonde ambapo maji yanapita. Bati la zamani likiwa na matundu machache linazibika, likiwa limeliwa na kutu kila mahali msilidanganye. Nguzo mpya kabla ya kusimama ipakwe oili chafu ya gari sehemu inayoingia ardhini, nayo ihifadhiwe mbali na watoto na maji ya kunywa. Dawa ya shamba msinyunyize ndani ya chumba cha kulala. Madirisha ya nyumba za zamani ni madogo kwa sababu waliojenga walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini nyumba isiyo na hewa inatunza kikohozi. Panueni dirisha, wekeni ubao wa kufunga usiku, jiko lipelekwe nje.

Choo cha zamani nacho. Shimo likibakiza nusu mita kufika juu, lisitumike tena. Lifukiwe kwa udongo na muweke alama, ili mtu asijenge chumba juu yake miaka miwili baadaye.

Nyumba ikikauka, bado kuna kazi ambayo haifanywi kwa mwiko. Nani atalala katika chumba cha marehemu? Tumeona familia zikikifunga kama kaburi, wakati watoto sita wanabanana chumba kimoja. Tumeona pia mkwe kijana akitupa vitu vyote vya mama mzazi wa mume siku ya kwanza, na wifi zake hawajasema naye mpaka leo. Tunashauri hivi: zile siku ambazo vitu viko nje, waitwe ndugu wote walio karibu, na walio mbali wapigiwe simu. Kila mmoja aseme kitu kimoja anachotaka kitunzwe. Mmoja atasema Biblia, mwingine sufuria, mwingine ile nguzo yenye alama za urefu wa watoto. Vitu hivyo vipate mahali pake, vingine vigawiwe, na chumba kipewe aliye hai. Kama mzee bado yupo, yeye asihamishwe kama mzigo. Aulizwe anataka kitanda chake kitazame wapi. Wazee wengi wanataka kuona mlango.

Mtoto aliyezaliwa hapa naye apewe kazi: abebe maji ya udongo, akanyage, aandike ile tarehe kwa mkaa. Wakati wa kukanyaga udongo ndipo anaposikia kwamba nyumba ya babu kule Kongo ilikuwa na mwembe upande wa kulia, na kijito nyuma. Watoto wengine hawajawahi kusikia hata hilo.

Kwa mazungumzo ya nyumbani na ya ibada ya Jumatano: Kwa nini kuhani aliamuru vitu vitolewe kabla ya yeye kuingia, si baada? Katika nyumba yenu, maji yanaingia kwa njia gani kati ya zile tatu? Na mume na mke wajibu kila mmoja peke yake, kisha wasomeane: kama tungejua kwa hakika tutakaa hapa miaka mitano, tungeanza kutengeneza nini kesho? Wajane na wazee wasio na nguvu ya jembe wapeleke majina kwa shemasi wa eneo lao, vijana wapangiwe nyumba zao kwanza, kabla mvua za Septemba hazijaanza.