Somo la Wanachama: Bunduki Mpya ya Upepo Isiyopiga Sawa



Chama kinaponunua chombo kipya, fedha inayotumika si ya katibu wala ya halmashauri. Ni jasho la kila mwanachama. Kwa hiyo chombo hicho kikionekana kuwa na kasoro, yako makosa mawili ya kuogopwa. La kwanza ni kupokea chombo kibovu na kunyamaza mpaka muda wa dhamana upite. La pili ni kukihukumu chombo kizima kwa kosa la mtumiaji, au kumhukumu mtumiaji kwa kosa la chombo. Katika somo hili tutalitazama jambo hilo kwa mfano wa bunduki ya upepo, chombo ambacho ukweli wake haupatikani kwa maneno ya kikaoni bali kwa kupima.

Tuseme chama cha wafugaji wa kuku wa pwani kinasumbuliwa na kunguru wa India, ndege aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na ambaye sasa ni adui mkubwa wa vifaranga. Chama kimenunua bunduki ya upepo na kumkabidhi mlinzi. Anapoijaribu, risasi moja inakwenda kushoto, ya pili juu, na ya tatu haionekani ilikopita. Katika kikao, wajumbe wengine wanasema bunduki ni mbovu, irudishwe dukani. Wengine wanasema mlinzi hajui kulenga, atafutwe mwingine. Nani mkweli? Kwa ushahidi huo wa risasi tatu hakuna awezaye kujua. Fedha ya chama na kazi ya mtu haziwezi kuamuliwa namna hiyo.

1. Sheria na usalama

Bunduki ya upepo si mchezo wa watoto. Kirisasi chake kidogo chaweza kupofua jicho, na kikipiga jiwe au chuma chaweza kurudi kilikotoka. Kabla ya kununua, chama kiende polisi kuuliza sheria ya nchi na kupata kibali kinachotakiwa. Chombo kitunzwe chini ya kufuli, na jina la mwenye kukitumia liandikwe. Majaribio yote yanayoelezwa hapa yafanywe mbele ya tuta la udongo au magunia yaliyojaa mchanga, pasipo na njia ya watu wala mifugo nyuma yake.

2. Jinsi bunduki hii inavyofanya kazi

Bunduki nyingi za upepo za bei nafuu hutumia springi. Mtumiaji anapoukunja mtutu, springi kubwa ndani ya mwili wa bunduki hubanwa. Akivuta kifyatulio, springi husukuma pistoni mbele kwa nguvu, pistoni hubana hewa, na hewa hiyo hukisukuma kirisasi nje ya mtutu. Kipenyo cha kirisasi mara nyingi huwa ama milimita 4.5 ama milimita 5.5, na cha aina moja hakifai katika mtutu wa aina nyingine.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. Pistoni inapoanza kwenda mbele, bunduki husukumwa nyuma. Pistoni inapokutana na hewa iliyobanwa, bunduki huruka mbele. Mishtuko hii miwili hutokea kirisasi kingali ndani ya mtutu. Basi namna mtu anavyoishika bunduki hubadili mahali kirisasi kinapofika. Aliyezoea bunduki ya baruti huikamata kwa nguvu, au huilaza juu ya ukuta au meza ngumu. Bunduki ya springi ikishikwa hivyo hutawanya risasi. Yapasa ilale juu ya kiganja kilicho wazi, bila kubanwa, na iachwe ishtuke ipendavyo, kwa namna ile ile kila mara.

3. Maswali mawili yasiyochanganywa

Ubora wa bunduki katika kupiga una maswali mawili. Je, risasi zinakwenda pamoja? Na je, zinakwenda tunapotaka? Ni maswali mbalimbali, na la kwanza lazima lijibiwe kwanza.

Tundika karatasi yenye nukta moja katikati, kwa umbali wa mita 10, siku isiyo na upepo. Piga risasi tano, zote ukilenga nukta ile ile, wala usiguse alama za kulengea baina ya risasi moja na nyingine. Kisha tazama matundu. Yakiwa yamekaribiana lakini yako mbali na nukta, bunduki ni nzima. Kinachotakiwa ni kurekebisha alama za kulengea. Yakiwa yametawanyika, kurekebisha alama hizo ni kazi bure, kwa maana hakuna mahali pamoja pa kurekebishia. Wengi huharibu jaribio hapa: risasi moja ikienda kushoto huzungusha skrubu, nyingine ikienda kulia huirudisha, na hatimaye hawajui tena walipoanzia.

Mtu asiseme kwamba bunduki ya upepo kwa asili yake haiwezi kupiga sawa. Katika mashindano ya Olimpiki, ambako mchezo wa bunduki ya upepo ya mita 10 uliingizwa mwaka 1984, alama ya juu kabisa katika shabaha ni nukta ya nusu milimita tu. Bunduki zile ni za thamani kubwa na hazifanani na ya chama chetu, lakini zinatuonyesha kwamba upepo wenyewe si wa kulaumiwa.

4. Kutafuta sababu kwa mpangilio

Matundu yakitawanyika, zitafutwe sababu moja baada ya moja, tukianza na ile isiyo na gharama. Badili jambo moja tu kila mara, kisha piga tena risasi tano katika karatasi mpya. Ukibadili mambo mawili pamoja, hutajua ni lipi lililoponya.

Kwanza, skrubu. Mishtuko tuliyoieleza hulegeza skrubu za kitako na za mwili wa bunduki, hata ikiwa mpya. Zikazwe kwa bisibisi inayolingana nazo, kwa nguvu ya kiasi. Mtutu usicheze kushoto na kulia unapokuwa umefungwa.

Pili, mafuta ya kiwandani. Bunduki mpya mara nyingi huwa na mafuta ya ziada ndani. Hewa inapobanwa ghafula hupata joto, na mafuta hayo huwaka. Dalili zake ni moshi, harufu ya kuungua na mlio mkali kuliko kawaida. Kila risasi hutoka kwa kasi yake, moja juu na nyingine chini. Kwa kawaida hali hii hupungua baada ya risasi kadhaa. Usiimwagie bunduki mafuta zaidi kwa kudhani kwamba ni kavu.

Tatu, virisasi. Virisasi vya kipenyo kimoja hutofautiana kwa uzito, umbo na ubora, na kila mtutu huchagua vyake. Jaribu aina mbili au tatu, na uvitupe vilivyobonyea. Usivutiwe na kasi kubwa iliyoandikwa sandukuni: mara nyingi hupimwa kwa kirisasi chepesi, na kasi peke yake haileti shabaha.

Nne, darubini. Ikiwa bunduki ina darubini, angalia kama vishikizo vyake vinasogea nyuma kila unapopiga. Mshtuko wa springi huenda pande zote mbili, na darubini isiyotengenezwa kwa ajili yake huharibika ndani. Iondoe na ujaribu kwa alama za kawaida za kulengea.

Tano, mpigaji. Mtu wa pili mwenye uzoefu apige risasi tano kwa bunduki ile ile na virisasi vile vile. Akikusanya matundu ilhali mlinzi anayatawanya, dawa ni mafunzo. Wakitawanya wote wawili baada ya hatua zote zilizotangulia, sasa mashaka yanaihusu bunduki yenyewe: huenda mdomo wa mtutu una kovu, mpira wa kuziba hewa umekatika, au mtutu umepinda.

Katika kazi hii yote, mtutu ukiwa umekunjwa ushikwe imara kwa mkono wakati wa kupachika kirisasi, kwani ukifyatuka hukata vidole. Wala bunduki ya springi isifyatuliwe bila kirisasi ndani, maana pistoni hukosa hewa ya kuizuia na hugonga chuma kwa chuma.

5. Hesabu ya kurekebisha

Matundu yakiisha kukusanyika, alama ya nyuma husogezwa upande ule ambao tunataka risasi iende. Tuseme matundu yote yako sentimita 4 kushoto kwa nukta, kwa umbali wa mita 10, na kutoka alama ya nyuma hadi ya mbele ni sentimita 40. Sentimita 40 ni sehemu moja ya 25 ya mita 10. Gawa sentimita 4 kwa 25: utapata milimita 1.6. Basi alama ya nyuma isogezwe kulia kwa milimita 1.6. Upungufu mdogo kama huo, usioonekana upesi kwa jicho, ndio uliotosha kumfanya mlinzi aonekane hafai.

Kisha chama kiweke mpaka. Kichwa cha kunguru ni kidogo, na ndege aliyejeruhiwa ni mateso pasipo faida. Umbali ambao mlinzi hawezi kuweka matundu yote matano ndani ya duara la sentimita 3, asipige kiumbe kwa umbali huo.

6. Wajibu wa halmashauri

Siku ya kupokea chombo, mtunza ghala alinganishe namba iliyochongwa juu yake na ile ya ankara, na aandike kila kasoro ionekanayo: kutu, ufa wa kitako, skrubu iliyokosekana. Jaribio lifanywe mapema, muda wa dhamana ungalipo, mbele ya mjumbe mmoja wa halmashauri. Karatasi za shabaha zitiwe tarehe, umbali, aina ya kirisasi na jina la mpigaji, kisha zihifadhiwe pamoja na ankara. Bunduki isifunguliwe ndani na mtu asiye fundi, kwa sababu springi iliyobanwa yaweza kuumiza vibaya, na muuzaji aweza kukataa madai.

Ikidhihirika kuwa chombo ni kibovu, barua ya madai iambatanishwe na karatasi hizo. Muuzaji aweza kubishana na maneno ya mlinzi, lakini kubishana na karatasi tano zilizopigwa na watu wawili ni vigumu. Na ikidhihirika kuwa chombo ni kizima, karatasi hizo hizo zitamlinda muuzaji asidhulumiwe, nao ushirika haujengwi kwa kudhulumu.

Wazee walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yanayosemwa hapa juu ya bunduki yanahusu pia mizani ya kupimia mazao, bomba la kunyunyizia dawa na mashine ya kukoboa. Kabla ya kusingizia jua, tuupime mti.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini risasi tatu za mlinzi hazikutosha kuamua kama bunduki ni mbovu?
2. Matundu matano yamekaribiana, lakini yako sentimita 6 juu ya nukta, kwa umbali wa mita 10. Ikiwa alama mbili za kulengea zimeachana kwa sentimita 50, alama ya nyuma isogezwe upande gani na kwa kiasi gani?
3. Chama chenu kilinunua chombo gani mwaka uliopita? Nani alikijaribu, na maandishi ya jaribio hilo yako wapi?